Mwezi, Magharibi ya Marekani na Pori la Mkalama

Mchoraji Mmarekani Paul Calle (1928–2010) alijulikana kwa mambo mawili: wanaanga, na wawindaji wa manyoya waliozunguka milima ya magharibi ya Marekani katika karne ya 19. Asubuhi ya tarehe 16 Julai 1969, Neil Armstrong na wenzake walipokuwa wakivaa mavazi ya safari, Calle alikuwamo chumbani akichora. Septemba mwaka huo ilitoka stempu yake ya senti 10, mwanaanga akiukanyaga Mwezi.

Miaka sita kabla, NASA ilikuwa imemwita kuchora safari ya Gordon Cooper, ya mwisho katika mradi wa Mercury. Mradi huo ulikuwa na kituo chake Tunguu, Unguja, ambacho wanasiasa wengi walikipinga wakihofia kuwa ni cha kijeshi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Karume ilitaka kiondolewe, nacho kikaondolewa.

Nionavyo, Calle alichora jambo moja: mtu mpweke aingiaye pasipofikiwa. Kennedy naye, akikubali uteuzi wa chama chake mwaka 1960, alinadi “Mpaka Mpya” kwa kuwakumbusha Wamarekani walowezi wao wa magharibi. Tofauti ni kwamba Mwezini hapakuwa na mtu. Magharibi walikuwapo Wakrow, Washoshone, Walakota na wengineo (Calle mwenyewe aliwachora wenyeji hao), ila lugha ya walowezi ilikwisha kuitangaza nchi yao kuwa nyika.

Hapa Singida lugha hiyo tunayo. Wahadzabe wa Munguli, wilayani Mkalama, wengi wao bado hutegemea uwindaji, mizizi, matunda ya porini na asali. Maisha ya namna hiyo hayaachi tuta wala ukuta, hivyo mgeni huona pori tupu. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inahesabu ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika kuwa sehemu ya ardhi ya jumla. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, ya mwaka uleule, haisemi hivyo. Ni nani basi anayeamua kwamba bonde fulani halitumiki?

Ofisa wa ardhi achoraye ramani ya matumizi ya ardhi naye ni mchoraji. Kabla hajaandika “pori”, namwomba afuatane na warina asali msimu mmoja, alale huko, aitie ramanini kila mbuyu wanaoupanda.