Waliosalia Ng'ambo

Kijana msomaji, iwapo umepata kuvuka kivuko cha Likoni, umeona kwamba mwenye gari hulipa nauli, lakini aendaye kwa miguu huvushwa bure. Hakuna amwulizaye mtu huyo amesoma hadi darasa gani. Yatosha kwamba ana safari. Jambo hilo liweke moyoni, nasi tutalirejea baada ya kutazama kivuko kingine, kile cha kutoka shuleni kwenda chuoni, na watu waliosalia ng'ambo yake kwa miaka mingi.

Watu hao ni wenye ulemavu wa akili. Usiwachanganye na wagonjwa wa akili. Ugonjwa wa akili waweza kumpata mtu yeyote katika umri wowote. Ulemavu wa akili huanza utotoni, na aliye nao hujifunza kama wewe, ila kwa mwendo wa polepole zaidi na kwa msaada mwingi zaidi. Zamani waliitwa mazuzu na mataahira, na wengine walifichwa vyumbani wageni walipobisha hodi. Jina baya ni kama kufuli: ukisha kumwita mtoto zuzu, huoni haja ya kumnunulia kalamu.

Katika Kenya wasioona walitangulia kupata shule. Mwaka wa 1946 Jeshi la Wokovu lilianzisha shule yao huko Thika. Baadaye Mombasa bara nayo ikapata shule za namna hiyo: Likoni ya wasioona, na Port Reitz, upande wa Changamwe, ya wenye ulemavu wa viungo. Vyuo vya ufundi navyo vikafunguliwa: Machakos kwa wasioona, Karen na Nyang'oma kwa viziwi. Katika vyuo hivyo hakikuwamo kilichojengwa kwa ajili ya wenye ulemavu wa akili.

Kwa nini? Asiyeona, akipewa maandishi ya nukta, aweza kufanya mtihani ule ule ufanywao na wenzake. Asiyeweza kutembea, akipewa kiti cha magurudumu, huingia katika chumba kile kile. Lakini kwa mwenye ulemavu wa akili, mtihani wenyewe ndio ukuta. Chuo kilidai cheti, na mwenye fedha alidai barua ya chuo. Basi alikosa nafasi kwa kuwa hana cheti, akakosa fedha kwa kuwa hana nafasi.

Usidhani kwamba watu walinyamaza. Mwaka wa 1968 serikali ilitoa waraka juu ya kuwatunza na kuwarekebisha walemavu. Mwaka wa 1971 kiliundwa chama cha kuwatetea wenye ulemavu wa akili. Mwaka wa 1986 ikaanzishwa Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, ili kuwaandaa walimu. Sheria ya mwaka wa 2003 iliunda Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu na hazina iwezayo kusaidia katika karo. Mwaka wa 2025 sheria mpya ilichukua mahali pake. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 54, ikatamka kwamba kusoma ni haki ya mlemavu, wala si sadaka. Kisha mtaala wa umilisi, ulioenea nchini mwaka wa 2019, ukaweka njia ipimwayo kwa hatua badala ya madarasa, na hatua zake za mwisho ni za kujifunza kazi.

Tazama sasa mfano wa mbali. Marekani, kwa sheria ya mwaka wa 2008, iliruhusu mwanafunzi mwenye ulemavu wa akili apate ruzuku ya serikali kwa masomo yaliyoidhinishwa chuoni, hata kama hana cheti cha sekondari. Hapo ndipo penye fundisho. Hawakuongeza fedha tu, walibadili ufunguo. Hazina yenye fedha nyingi haimfai mtu aliyefungiwa mlango.

Yamkini utauliza: fedha za umma ni chache, kwa nini zitumiwe kwa mtu asiyetarajia shahada? Swali lako si baya. Lakini nenda Kisauni au Changamwe, ukae na mzazi wa mtoto wa namna hii. Mzazi huyo hulala na swali moja: nikifa mimi, nani atamtunza? Mwana aliyefundishwa kushona, kupika, au kutunza bustani, akajua kupanda gari peke yake na kuhesabu chenji yake, amelijibu nusu ya swali hilo. Aliyeachwa ndani hulijibu kwa kuwa mzigo wa ndugu zake maisha yake yote, na gharama hiyo haiandikwi katika daftari lolote.

Sasa turudi Likoni. Taifa limekwisha kukubali kwamba asiye na gari avushwe bure, nasi hatuoni ajabu. Mwenye ulemavu wa akili naye ana safari. Wewe usomaye leo, kesho utakuwa mwalimu, karani au mbunge. Ukiwekwa kwenye lango la chuo, kabla ya kuuliza cheti, uliza kwanza mtu huyu anakwenda wapi.