Kimimina Maziwa

Bibi yangu alipoanza kupoteza majina ya vitu, sisi wajukuu tulicheka. "Hebu niletee ile nanihii," anasema, nasi tunashindana kubahatisha. Baadaye ikawa, "Nipe kile cha kunywea, kiko pale." Mimi namsahihisha: "Kikombe, Bibi." Ananiangalia tu, kimya.

Sikujua nilichokuwa nakisikia mpaka niliposoma habari za Auguste Deter.

Mama huyu alilazwa hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt, Ujerumani, Novemba 1901, akiwa na miaka 51. Daktari Alois Alzheimer akakaa naye na kuandika kila jibu. Jina lako? Auguste. Na la mumeo? Akataja tena Auguste. Akaonyeshwa penseli, ufunguo na sigara, vyote akavipatia. Lakini mezani, anakula koliflawa na nyama ya nguruwe, akaulizwa anakula nini. Spinachi, akajibu. Alipoambiwa aandike jina lake, aliandika "Bibi" tu, mengine yakampotea.

Auguste alifariki Aprili 1906. Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini, akakuta seli nyingi zimekufa, nyingine zimejaa nyuzi zilizosokotana, na mabaka yametapakaa kwenye gamba la ubongo. Mwaka 1907 akachapisha taarifa fupi. Humo anasema mgonjwa alitaja vitu vingi sawasawa, ila mara nyingine alikosea: badala ya kikombe, alisema kimimina maziwa.

Hapo niliweka kitabu chini. Huyu si bibi yangu?

Leo inajulikana kwamba ugonjwa huu kwa kawaida huanza sehemu za ndani zinazotunza kumbukumbu, kisha husambaa hadi pande za ubongo zilizo usawa wa masikio. Upande wa kushoto ndiko maneno mengi yanakotegemea. Jina la kitu na kazi ya kitu havikatiki pamoja. Mara nyingi jina hutangulia kwenda. Mtu anabaki na kikombe bila neno "kikombe", basi analiunda upya kutokana na kazi yake. Si ndivyo Kiswahili kilivyopata kifuniko, kizibo na kifagio? Na Bibi alisema kile, kiko. Neno lilishaondoka, ngeli yake ikabaki mdomoni.

Mwaka 1910 Emil Kraepelin aliuita ugonjwa huo kwa jina la Alzheimer. Mgonjwa mwenyewe alibaki Auguste D. kwenye vitabu vya tiba, hadi faili lake lilipopatikana Frankfurt katika miaka ya 1990. Mwanamke aliyeshindwa kuandika jina lake, na sisi wengine tulikuwa hatulijui.

Bibi hayupo tena. Katika miezi yake ya mwisho niliacha kumsahihisha. Akisema kile cha kunywea, nilikileta, nikakaa naye mpaka anywe.