Hadithi ya Walikale na Kiingereza cha watoto waliorudi



Kila tukikutana kuna swali moja linarudi: hawa watoto waliotoka Uganda na Kiingereza chao, tuwafanyie nini? Wamoja wanasema kiachwe tu, juu shule yetu ni ya Kifaransa. Wengine wanasema tutafute vitabu vya Kiingereza hata kwa deni. Mbele ya kukata shauri, tunaomba tuangalie historia kwanza, maana jambo hili halikuanza jana.

Kalembe iko mpakani mwa wilaya mbili, Masisi na Walikale, kwenye barabara ya Mweso kwenda Pinga. Mtu wa hapa tangu utoto anasikia Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda na Kiswahili cha soko. Shuleni anaongezewa Kifaransa. Kiingereza kililetwa na vita. Tangu 1993 watu wa pande hizi wamekimbia, wakarudi, wakakimbia tena. Hata mwezi wa kumi 2024 mapigano yalifika Kalembe yenyewe.

Waliovuka mipaka hawakukuta shule za namna moja. Katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, iliyofunguliwa 1996, watoto wa Kongo walisoma programu ya Kongo, kwa Kifaransa. Waliofika Uganda, kule Nakivale ama Rwamwanja (hii ilifunguliwa tena 2012 kwa ajili ya Wakongomani), waliingia katika programu ya Uganda. Huko, kuanzia darasa la nne, na mara nyingi mbele ya hapo, masomo yote ni Kiingereza, na mtihani wa kumaliza shule ya msingi ni Kiingereza vilevile.

Ndiyo maana leo kuko ndugu wa tumbo moja, huyu anahesabu kwa Kifaransa, yule kwa Kiingereza. Yule wa Kiingereza akirudi anashushwa madarasa. Hesabu anaijua, asichojua ni jina la Kifaransa la kitu anachokijua. Basi ananyamaza. Na mtoto mwenye kunyamaza darasani mwaka mzima, mwaka unaofuata hayuko tena shuleni. Yuko shambani, ama kwenye machimbo, ama wenye bunduki wamekwisha kumwita. Shida yetu iko hapo.

Sasa tukumbuke jambo ambalo vijana wetu wengi hawajalisikia. Mwaka wa 1956, huko Walikale, mzee mmoja wa Wanyanga, Candi Rureke, alisimulia hadithi ya Mwindo: mtoto aliyezaliwa tayari anatembea, ambaye baba yake Shemwindo, sultani wa Tubondo, hakumtaka, akajaribu kumuua. Alisimulia kwa siku kumi na mbili. Mtafiti Mbelgiji, Daniel Biebuyck, aliiandika kwa Kinyanga akisaidiwa na Wanyanga wenyewe. Kisha yeye pamoja na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha na mwana wa Wanyanga, waliitoa kwa Kiingereza, na kitabu kikachapwa Marekani, huko California, mwaka wa 1969. Tangu wakati ule wanafunzi wa vyuo vikuu vya mbali wanaisoma. Mateene mwenyewe baadaye aliongoza, mjini Kampala, ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, akitetea lugha za Kiafrika mashuleni.

Kwa hiyo hadithi ya msitu wetu iliingia katika Kiingereza miaka mingi mbele ya watoto wetu. Na ni hadithi ya kurudi kwao: Mwindo anarudi Tubondo, anafufua waliokufa, anapatana na baba yake.

Tuangalie pia ginsi Rureke alivyosimulia. Hakuwa peke yake. Aliimba, akacheza, akaigiza, vijana wakapiga vijiti, wasikilizaji wakaitikia. Na kwa desturi hadithi hiyo haikusimuliwa yote kwa mfululizo. Watu walisikia kipande leo, kipande siku nyingine. Ni Biebuyck aliyeiomba nzima.

Mwalimu wa Kiingereza mwenye watoto wengi na kitabu kimoja anaweza kushika njia ileile. Kipande kimoja kwa siku kinatosha. Sentensi inayorudi katika hadithi, darasa zima linaiitikia. Mtoto mwenye haya ya kusema peke yake, anasema pamoja na wenzake mpaka ulimi unazoea. Tena, akisoma kitabu kinachosimulia treni na theluji, anajifunza vitu viwili kwa mara moja: kitu asichokijua na neno lake. Akisimulia juu ya mto, soko na mlima anaouona, anabaki na kazi moja tu, ya neno.

Shauri letu ni hili. Mzee asimulie kwa lugha yake, na mtu aigeuze kwa Kiswahili ili wote wasikie. Mtoto aliyetoka Uganda aiweke katika Kiingereza. Yule aliyetoka Nyarugusu, ama aliyebaki hapa, aiweke katika Kifaransa. Hapo kila mmoja ni mwalimu wa mwenzake, na yule aliyenyamaza anapata Kifaransa kinachomkosesha darasa lake. Kiingereza hakitachukua nafasi ya Kifaransa, maana mtihani wa Serikali ni wa Kifaransa. Na sheria ya elimu ya 2014 inakubali lugha zetu darasani, kwa hiyo hatuvunji kitu.

Tunaomba uangalifu mmoja. Kuko hadithi za kusema nani alifika kwanza juu ya udongo huu. Zimekwisha kumwaga damu. Hizo zibaki nje ya darasa. Tuchukue za sungura na chui, za Mwindo, za njaa na mavuno, na kila kabila lilete zake, isikosekane hata moja.

Kwa wafadhili: hatuombi masanduku ya vitabu kutoka mbali kwanza. Tunaomba kaye, biki, na sukari kidogo ya kumshukuru mzee anayekuja kuketi na watoto. Hiyo ya mzee njo ya haraka. Wazee wetu wengi wanazeekea ugenini, na anayezikwa kule anaenda na hadithi zake zote.

Kwa wanamemba: mkija ku mkutano ujao, kila jamaa ilete jina la mzee mmoja anayejua kusimulia, na la mtoto mmoja aliyerudi na Kiingereza. Tutaanza na hao.