Mjukuu wa Kiwanuka Kwenye Safu ya Mbele

Kwa msomaji wa Kasese au Bwera, jina Kiwanuka ni la 1962. Benedicto Kiwanuka alikuwa Waziri Mkuu wa Uganda Machi na Aprili mwaka huo, Wakonzo na Waamba wakidai kujitoa katika utawala wa Toro na Isaya Mukirane akielekea kuasisi Rwenzururu. Septemba 1972, akiwa Jaji Mkuu, askari wa Amin walimtoa Mahakama Kuu, wala hakuonekana tena.

Mjukuu wake Mathias, aliyezaliwa Marekani mwaka 1983, alilipeleka jina hilo mahali pasipotarajiwa: pembeni mwa safu ya ulinzi katika futiboli ya Kimarekani.

Safu hupangwa hasa kwa namna mbili. Katika 4-3, wanne huinama mbele na watatu, malainibaka, husimama nyuma yao. Wawili wa nje kati ya wale wanne ndio humkimbilia kotabeki, yaani mrushaji wa mpira. Katika 3-4, kazi hiyo humwangukia lainibaka wa nje. Winga hodari kwenye uwanja wa Bwera humpita beki upande wa nje, na mtu wa pembeni hufanya vivyo hivyo. Mpira ukitikisika tu, amekwisha kuchomoka. Mkono mmoja unabandua mikono ya mkingaji, bega linashuka chini ya kwapa lake, kisha mwili unapinda kumwelekea kotabeki.

Lawrence Taylor, aliyejiunga na New York Giants mwaka 1981, aliitisha ligi kwa kazi hiyo, hata wakingaji wa kushoto, wanaolinda mgongo wa kotabeki atumiaye mkono wa kulia, wakapanda bei.

Mwaka 2006 Giants hao hao walimchagua Mathias kutoka Boston College, akiwa wa 32, ingawa tayari walikuwa na Michael Strahan, Osi Umenyiora na Justin Tuck. Watu wanne, nafasi mbili! Mwaka uliofuata kocha wa ulinzi, Steve Spagnuolo, alimrudisha Mathias nyuma kuwa lainibaka. Lakini mpinzani alipotarajiwa kurusha, wanene wa katikati walipumzishwa na watu wa pembeni wote wanne wakapangwa mbele, Tuck akiingia ndani. Tarehe 30 Septemba 2007 Philadelphia waliangushiwa kotabeki mara 12, sawa na rekodi ya ligi. 6 zilikuwa za Umenyiora.

Novemba Mathias alivunjika mguu, akaikosa fainali ya Februari 2008 ambapo Tom Brady, kotabeki wa Patriots, aliangushwa mara 5, na timu yake, iliyokuwa imeshinda mechi 18 mfululizo, ikafungwa 17-14. Umenyiora alipoumia goti kabla ya msimu uliofuata, Mathias alirudishwa pembeni, akaangusha makotabeki mara 8. Wepesi huo wa kuhamishwa bila kupoteza makali unastahili sifa kuliko hesabu yoyote. Kufikia 2011 alikuwa lainibaka tena, na Februari 2012 Giants waliwashinda Patriots 21-17 katika fainali iliyochezwa Indianapolis, mji alimozaliwa Mathias.