Herufi Tatu Kwenye Geti

Ukizunguka mashambani Kenya utakutana na shule za msingi zenye herufi tatu kwenye jina: D.E.B. Watoto wanaopita hapo kila asubuhi hawajui maana yake, na walimu vijana ukiwauliza, wengi wanacheka tu. Ni bodi ya elimu ya wilaya, chombo cha wakoloni kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1934. Bodi zenyewe zilishazikwa zamani. Jina limebaki getini.

Nimekuwa nikifikiria hizo herufi kwa sababu ya swali linalosumbua huku kwetu Boito, wadi ya Konoin, Bomet: shule ni ya nani? Mimi sikumaliza chuo kikuu, kwa hivyo msomi wa historia usiniite. Lakini hesabu ya nani alilipa nini, hiyo naiweza.

Tuanze kabla ya bodi. Miaka ya 1920 kampuni za chai zilikuwa zinafyeka ardhi ya Kericho, na sisi tulikuwa chini ya Kericho hadi wilaya ya Bomet ilipoundwa mwaka 1992. Mwaka 1924 serikali iliruhusu mabaraza ya wenyeji, nayo yakaanza kutoza kodi juu ya ile kodi ya kichwa. Wakipsigis, kama wenyeji wa kwingine, walitaka sehemu ya hela hiyo iende kwa shule. Shule ya serikali ya Kabianga ilifunguliwa mwaka 1925. Upande wa Bomet, wamisionari wa Tenwek walifika miaka ya 1930 na shule zao za kusoma Biblia.

Ndipo bodi ikaja. Mwenyekiti alikuwa DC, mzungu. Ndani walikaa wamisionari, na wajumbe wa baraza la wenyeji. Bodi iliamua ni shule gani itambuliwe na ipi ipate ruzuku. Kijiji kingeweza kuleta miti, udongo na nyasi, kikajenga, halafu kingoje ruhusa ya watu waliokaa Kericho.

Na si kila mtoto alikuwa darasani. Mashamba ya chai yalitumia watoto kuchuma, wengi hasa, mpaka mwaka 1938 serikali ikaunda kamati ya kuchunguza ajira ya watoto. Chai ilikuwa inawameza watoto wa Wakipsigis hata kabla Mkipsigis hajaruhusiwa kupanda mche wake mwenyewe.

Mwaka 1949 ikaja ripoti ya Beecher. Ilikata masomo vipande vya miaka minne minne, na mwisho wa darasa la nne kulikuwa na mtihani wa kuchuja. Ndio maana wazee wengi wakisema elimu yao wanasema, "Niliishia la nne." Hawakuwa wajinga. Kichujio kiliwekwa hapo, na nafasi za mbele zilikuwa chache.

Halafu mambo yakageuka. Mpango wa Swynnerton wa 1954 uliruhusu Mwafrika kulima mazao ya kuuza, chai ikiwemo. Mwaka 1964 KTDA ikaanzishwa, na nyumba za Konoin zikapata mshahara wa mwezi kutoka kwa majani, pamoja na malipo ya mwisho wa mwaka tunayoita bonasi. Hapo ndipo ukuta wa nyasi ukawa mabati. Kokwet, yaani kile kikao cha majirani ambacho Wakipsigis wamekitumia tangu zamani kuamua mambo yao, kiligeuka kamati ya harambee. Mzee mmoja anatoa ardhi, kila boma linaahidi kiasi, na aliyeshindwa na pesa anasomba mawe.

Kwenye karatasi, hata hivyo, mwenye shule aliendelea kubadilika. Sheria ya elimu ya 1968 iliyaacha makanisa na kazi ya udhamini. Mabaraza ya kaunti yaliyokuwa yanaendesha shule za msingi yakazidiwa, na mwanzoni mwa 1970 kazi hiyo ikachukuliwa na serikali kuu. Desemba 1973 Kenyatta akatangaza kwamba darasa la kwanza hadi la nne halina karo. Kote nchini darasa la kwanza likaruka kutoka watoto karibu 380,000 hadi karibu 960,000 kwa mwaka mmoja. Watakaa wapi? Kamati zikarudi kwa wazazi na mchango wa majengo. Karo iliondoka kwa mlango wa mbele ikaingia kwa dirisha.

Ikawa hivyo tena mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipodai darasa la nane na karakana. Mwaka 2003 serikali ilileta shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, na kwa mara ya kwanza mzazi wa kawaida akapumua kidogo. Hata hiyo pesa haikuwa ya kujenga kuta alizokuwa ameshajenga. Sheria ya 2013 ikaunda bodi za elimu za kaunti. Bodi nyingine, herufi nyingine.

Kwa hivyo shule ni ya nani? Kisheria ni ya umma, sawa. Shida ni kwamba shule nyingi za umma nchini hazina hati ya ardhi. Shamba lilitolewa kwa mdomo, mbele ya kokwet, na mzee aliyeheshimiwa kiasi kwamba hakuna aliyefikiria kumwandikisha. Sasa mzee huyo amelala. Wajukuu wamegawana ekari mpaka zimekuwa vipande vya miche, na ardhi ya chai bei yake kila mtu anaijua. Mjukuu akiangalia uwanja wa mpira wa shule, anaona majani ambayo hayajapandwa. Si mtu mbaya. Hakuwepo siku ile, na hakuna karatasi ya kumwonyesha.

Waliokuwepo bado wako wachache. Wanajua kigingi cha mpaka kilikuwa wapi, nani alitoa ng'ombe, mama gani alipika siku ya harambee. Waandikeni majina, enyi kamati za wazazi. Muwaite wazee na mpimaji wa ardhi siku moja, watembee mpaka wote, halafu mpeleke faili kwa ofisi ya ardhi kabla mzee mwingine hajaondoka. Bango la getini linataja bodi iliyokufa. Waliolipa hawajatajwa popote.