Stroberi: kwa nini aina mpya inahitaji damu ya msituni

Stroberi, ambayo wengi kwetu wanaita fraizi, inaonekana kama tunda la aina moja tu. Kumbe ni chotara, mtoto wa mimea miwili ya Amerika.

Mwaka 1714, Mfaransa Amédée-François Frézier alirudi kutoka Chile na miche ya stroberi yenye matunda makubwa, iliyolimwa na wenyeji wa kule. Mitano tu ilifika hai, na yote ilikuwa ya kike. Ilitoa maua, lakini matunda hapana. Ilipopandwa karibu na stroberi ndogo ya Virginia, mavumbi ya maua yakakutana, matunda yakaja. Mwaka 1766, Antoine Nicolas Duchesne akaeleza kwamba hapo ndipo ilizaliwa aina mpya. Ndiyo dunia inakula leo.

Mkulima hapandi mbegu ya stroberi. Mmea unatoa kamba zinazotambaa, na kila kamba inaotesha mche ulio sawasawa na mama yake, kama chipukizi la mgomba au kipande cha muhogo. Faida ni kwamba utamu haubadiliki. Hatari ni kwamba ugonjwa unaoshinda mche mmoja unaweza kushinda shamba lote. Kivu tunajua jambo hilo: mnyauko wa migomba ulipoonekana Masisi mwaka 2001, aina za ndizi zilizolimwa hazikuwa na nguvu ya kuukataa.

Wataalamu wa kuzalisha aina mpya wanachanganya wazazi wawili, wanapanda mbegu, kisha wanachagua miche michache kati ya maelfu. Lakini hawawezi kuchagua sifa ambayo wazazi hawana. Ndiyo maana wanarudi kwenye stroberi za mwitu. Royce Bringhurst, wa Chuo Kikuu cha California, alichukua mmea wa mwitu katika milima ya Utah, Marekani. Kutoka humo zikapatikana aina zinazotoa maua bila kungoja siku ziwe fupi. Kwetu karibu na ikweta, urefu wa siku haubadiliki sana.

Kwa hiyo, mkulima akipata aina mpya, aijaribu kwanza kwenye sehemu ndogo na asing'oe ya zamani yote. Na kamba za mmea mgonjwa zisipandwe kamwe.