Van Gogh Alianza Kuchora Watu Akiwa na Miaka 27. Wewe Una Haraka Gani?

Mwezi uliopita nilikaribia kuchoma daftari langu la kuchora. Nilikuwa nimemchora shosho akiwa jikoni anakata sukuma wiki. Akaangalia ile karatasi, akaniuliza, "Na huyu ni nani, mjukuu wangu? Mbona ana mikono kama ya chura?" Nyumba nzima ikacheka. Nikacheka pia, lakini usiku sikulala. Nina miaka 22. Nikajiambia wenye kipaji walianza wakiwa watoto, mimi gari limeshaniacha.

Halafu nikasoma stori ya Vincent van Gogh, na ndiyo imenifanya niandike hii.

Kabla ya kuwa msanii, huyu jamaa alikuwa amejaribu karibu kila kitu. Aliajiriwa kwa wauzaji wa picha, akafundisha shule Uingereza, akauza vitabu, akaanza masomo ya theolojia akaacha. Mwishowe akawa mhubiri kwa wachimba makaa ya mawe kule Borinage, Ubelgiji, na hiyo kazi pia ikaisha. Mwaka wa 1880, akiwa na miaka 27, ndipo aliamua kuwa msanii. Michoro yake ya kwanza ya wale wachimba migodi? Watu wamekauka kama vijiti. Mikono ya chura haikuanza na mimi.

Alichofanya baadaye ndicho sisi wengi tunaruka. Aliazima karatasi za mazoezi za Charles Bargue, Mfaransa aliyetoa kozi ya kuchora kati ya 1866 na 1871 akishirikiana na mchoraji Jean-Léon Gérôme. Kozi nzima ina karatasi 197. Kwa nyingi za mwanzo unaonyeshwa kitu kimoja mara mbili, tuseme mguu: kwanza mistari michache iliyonyooka inayoshika umbo, kisha mguu uliokamilika wenye mwanga na kivuli. Yaani kwanza umbo kubwa, kucha baadaye. Van Gogh alinakili hizo karatasi, akamaliza, akarudia tena.

Sisi je? Tunafungua simu, tunaanza na jicho. Tunachora kope moja moja kwa saa nzima, halafu tunashangaa kichwa hakitoshi kwenye karatasi. Hata mimi ndivyo nilivyoanza na shosho: vidole kwanza.

Lakini kunakili pekee hakutoshi. Mwaka wa 1881 alirudi kwa wazazi wake Etten, Uholanzi, akaanza kuchora wakulima wakichimba na kupanda. Binamu yake alikuwa ameolewa na mchoraji Anton Mauve, na Mauve akamhimiza achore watu walio hai. Alipohamia The Hague, akawa anachora wazee kutoka nyumba ya kutunza maskini. Hata alitengenezesha fremu ya mbao yenye nyuzi ili apime vitu kwa macho kupitia hapo. Hakuona aibu kutumia kifaa. Kwa hivyo ukiweka mistari ya gridi kwenye picha ya simu yako ili upime mabega, hujaiba chochote.

Kabla ya kumaliza ule mchoro wake maarufu wa wala viazi mwaka wa 1885, alikuwa amechora vichwa vya wakulima kama 40. Na mwaka wa 1890, miezi ya mwisho ya maisha yake, akiwa ameshachora kazi ambazo leo dunia nzima inazijua, alimwomba ndugu yake Theo amtumie tena mazoezi ya Bargue. Msee alitaka kurudi darasa la kwanza!

Tusidanganyane lakini: Theo ndiye alikuwa akimlipia maisha. Wengi wetu hatuna Theo. Una kazi, una masomo, una mathe anayeuliza kuchora kutalipa lini. Basi chukua dakika 20 kwa siku. Nakili karatasi moja hadi umbo likae sawa, hata kama ni mara tano. Kisha nenda steji ukachore watu wanaosubiri matatu. Watasonga kabla hujamaliza, na hiyo ndiyo faida yake, maana utalazimika kushika mgongo na miguu kabla ya kope. Na usitupe michoro mibaya. Andika tarehe, uweke.

Mimi sikuchoma daftari. Jumapili nilimchora shosho tena, safari hii nikianza na mstari mmoja kutoka shingoni hadi kiunoni. Mikono bado ni shida, kusema ukweli. Aliiangalia kwa muda, akagusa karatasi na kidole.

"Huu mgongo," akasema, "ni wangu."